Mti Mwekundu Dirishani kwa Dod

Mimi si mtu wa miti. Nasema mapema ili mtu asije akanidhania mtaalamu. Bustani yangu ilikuwa na viazi, vitunguu na kiti cha kuotea jua, na jua lenyewe huku Turriff, kaskazini ya Uskochi, ni la kubahatisha. Mwenye wazimu wa miti na ndege ni mume wangu, Dod Rennie, dereva wa basi mstaafu. Mwaka ule wazimu wake ulinipanda na mimi, mpaka nikawa naota beri usingizini.

Ilianza asubuhi moja ya mwezi wa kumi. Nilikuwa nakoroga uji wa shayiri, redio inaongea peke yake, mara mtangazaji akasema mabawa-nta wameanza kutua visiwa vya Shetland, mapema kuliko kawaida, tena kwa makundi makubwa. Dod alisimama ghafla hata kiti kikaanguka. Akaniambia nizime jiko, ninyamaze, nisisogee. Nikamwambia uji utaungua. Akasema acha uungue.

Hao mabawa-nta ni ndege wageni. Kwao ni kaskazini huko, ng'ambo ya bahari, na miaka mingi hawaji kabisa. Lakini beri, vile vitunda vidogo vya mitini, zikiadimika kwao wanavuka maji kwa mamia, wanashuka kwetu kutoka mji hadi mji wakisafisha miti. Wana kishungi kichwani, mkia umechovywa manjano, na kwenye bawa wana vitone vyekundu kama nta ya mshumaa iliyodondoka. Dod amewakimbilia maisha yake yote bila kuwatia machoni. Akisikia wako Aberdeen, kwenye maegesho ya duka kubwa, maana maduka yale hupenda kupanda miti ya beri, akifika anaambiwa ungekuja jana. Akienda Elgin, wamehamia Banff. Angekuwa anafukuzia mwanamke ningekwisha kumwambia, baba, huyo hakutaki.

Na mwaka ule kulikuwa na jambo lingine. Macho ya Dod yalikuwa yanakufa katikati. Ndivyo daktari alivyotueleza: pembeni anaona, katikati pana doa, na doa linapanuka. Leseni ya gari alisharudisha, na mtu aliyeendesha basi ujana wake wote sasa alikaa pembeni yangu akinifundisha kugeuza usukani. Tulipomuuliza daktari habari za mbele, alisema majira haya ya baridi bado ataona kiasi. Yajayo hakuthubutu kuyaahidi.

Kwa hiyo redio iliposema vile, nilielewa kwa nini kiti kilianguka.

"Hii ndiyo ya mwisho, Senga," aliniambia. "Safari hii siwafuati. Waje wao."

"Waje wapi? Kwenye viazi vyangu?"

"Tununue mti," alisema. "Mkubwa, wenye beri zake tayari, tuupande hapo mbele ya dirisha la jikoni. Mimi nitakaa hapa na chai yangu niwasubiri."

Wallahi nilitaka kukataa, maana hapo mbele ya dirisha ndipo vitunguu vyangu vilipokuwa. Lakini nilimtazama, mzee mzima, uso umemkunjuka kama mtoto aliyeahidiwa sikukuu. Nikavaa koti.

Hatukufika hata kwenye gari kabla Netta Gauld hajatukamata. Netta anakaa ng'ambo ya barabara, ni shoga yangu na ni mwiba wangu, yote mawili, na bustani yake ni ya kutangazwa. Huwezi kununua hata jembe mtaani kwetu bila Netta kutoa maoni. Alipojua tunakwenda kununua mti wa beri, alituwekea darasa pale pale barabarani. Akasema tuchukue mweupe. Ndege, alisema, wana mpango wao na haubadiliki: beri nyekundu zinaliwa kwanza, kisha za rangi ya chungwa, kisha za manjano, na nyeupe zinabaki mpaka njaa iwabane. Miti myekundu inakuwa mitupu kabla mwezi wa kumi na moja haujaisha, na mabawa-nta wakifika baridi imekomaa hukuta nyeupe tu. Ndiyo maana yeye alipanda rowani, mti wa beri, mweupe kutoka Uchina, na miaka iliyopita walimjia, Dod akiwa kule Elgin akiwasaka, wakala, akawapiga picha, na picha kila mtu wa Turriff ameonyeshwa, wengine mara mbili.

Dod alisema anayajua hayo yote, na alikuwa anayajua kweli, kuliko Netta. Kwa hiyo tuliondoka tumekwisha kuamua: mweupe.

Kitalu cha Morven Tait kiko nje ya mji, juu ya kilima, na siku ile palikuwa na upepo mwembamba na jua lililofifia nyuma ya mawingu. Naapa, mimi mtu wa viazi, niliposhuka kwenye gari nilibaki mdomo wazi. Miti ilikuwa imepangwa safu kwa safu kwenye mapipa, na kila safu imejipamba kwa njia yake. Kulikuwa na tufaha mwitu, vitunda vyake kama shanga, vingine vyekundu vingine vya manjano, vimeng'ang'ania matawi. Kulikuwa na vijiti fulani vya kawaida kabisa ambavyo matunda yake yana ganda la waridi, na ganda likipasuka ndani inachungulia mbegu ya rangi ya chungwa. Nilikwenda nikirudi. Nilitaka huu, kisha ule, kisha yote. Dod alinishika mkono akacheka, akasema huyu ndiye aliyekuwa analilia vitunguu.

Morven alitutembeza. Alikuwa mwanamke mrefu wa maneno machache na buti kubwa. Alisema yale yenye ganda la waridi ni mazuri kwa mtu, lakini mabawa-nta hawana shughuli nayo sana. Mti wa miiba wa boma alisema tusinunue, umejaa kila ua wa shamba. Tulipofika kwenye mholi wenye majani ya kuchoma, alituonya kwamba mholi una dume na jike, jike ndilo lenye beri, na bila dume karibu jike halizai. Dod akanigeukia akasema, unaona, hata mti unataka mume, wewe kila siku unanifukuza jikoni. Nikamwambia dume la mholi angalau halimwagi chai.

Basi akatufikisha kwenye rowani. Alikuwa nayo miwili mikubwa ya kuuzwa, imebeba kweli kweli. Mmoja ulikuwa mweupe, beri zake kama lulu zilizopakwa waridi kidogo kwenye shavu, vishada vizito vimeinamisha matawi. Mwingine ulikuwa kule mwisho wa safu, mwekundu. Morven aliushika ule mweupe kwa shina, akasema huu ndio wenu, kama mnasubiri mabawa-nta msitafute mwingine. Akamuuliza Dod anauonaje.

Dod alisogea. Akainamisha kichwa upande, kama anavyofanya siku hizi ili atumie ukingo wa jicho. Akanyoosha mkono akagusa jani.

"Mti mzuri," alisema. "Umenyooka. Beri zake zitatoka lini?"

Beri zilikuwa mbele ya pua yake. Kishada kimoja kilikuwa kinamgusa kofia. Lakini nyuma ya mti palikuwa na mbingu nyeupe ya mawingu, na nyeupe juu ya nyeupe Dod hakuona kitu. Morven alinitazama. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Nadhani ukimya wetu ndio uliomwambia. Alipapasa, vidole vikakutana na kishada, akakishika taratibu. Kisha aligeuka, labda ili tusimwone uso, na pale alipogeukia ndipo mwisho wa safu ulipokuwa.

"Ule nauona," alisema. "Ule mwekundu. Toka hapa nauona."

Nikamwambia Morven tunachukua mwekundu. Dod akasema hapana, tuchukue mweupe. Morven naye, kwa kazi yake, alilazimika kunionya kwamba mwekundu hautafika Krismasi, ndege weusi watauvua wote. Nikamjibu kwamba mwenye macho haambiwi tazama, lakini mwenye macho mabovu lazima apewe kitu cha kutazama. Nilikuwa na hasira, na hasira zangu zikishapanda mtu hanibishii. Mti ukapakiwa kwenye trela.

Tuligombana njia nzima. Dod alisema nimemharibia. Alisema hataki kuona beri, anataka kuona ndege, na ndege hawatazikuta hizo beri, na majira mengine hana. Nilimwambia kama ndege wangekuja kwenye mti mweupe, angeona nini, vivuli? Akageukia dirisha la gari. Mimi nikakaza macho barabarani, maana moyoni nilijua kwamba yeye yuko sahihi na mimi niko sahihi, na mmoja wetu lazima alie. Ndege wasipokuja, lawama ni yangu, mimi niliyechagua kwa hasira.

Netta alituona tukishusha. Alitoka na kikombe chake, akauzunguka mti, akatikisa kichwa kama mtu aliye msibani.

"Shoga, umewafungulia ndege weusi hoteli," alisema.

Nikamwambia achukue koleo atusaidie au arudi kwake. Alichukua koleo, Netta si mtu mbaya. Katikati ya kuchimba Dod alikumbuka kwamba mama yake alikuwa akisema rowani mahali pake ni getini, unazuia wachawi wasiingie nyumbani. Netta akauliza sasa tukiupanda getini, Senga atakuwa anaingilia wapi. Walicheka wote wawili wakaegemea makoleo. Tuliupanda mbele ya dirisha la jikoni, vitunguu vyangu vikahama, na jioni Dod alivuta kiti chake akakiweka pale. Alisema unaonekana kama moto. Alikaa muda mrefu.

Wiki haikupita ndege weusi wakafika. Kumbe Netta hakusema uongo, walikuja kama wamepelekewa kadi. Alfajiri ikipambazuka wako mtini wanameza, na mimi natoka na gauni la kulalia na mfuniko wa sufuria, nagonga, nawatukana, wanaruka mpaka kwenye ua wa miti, nikirudi ndani wanarudi mtini. Njiwa pori nao wakaongezeka, wazito, wanavunja vitawi. Netta alishauri tufunike mti kwa wavu. Dod alikataa katakata, alisema huwezi kumwalika mgeni ukamtegea kimia mlangoni. Kila siku nilitazama upande wa juu wa mti na kuona umepungua, na kila siku Dod aliketi pale pale na chai yake, na huko kusubiri kwake kuliniuma kuliko matusi.

Kisha akaja yule mkorofi.

Ni ndege mkubwa wa kijivu, kifua cheupe chenye madoa, anasimama wima kama askari wa gwaride. Huku kwetu wazee wanamwita jogoo wa dhoruba, maana upepo ukivuma wengine wakijificha, yeye anapanda kileleni anaimba. Asubuhi nilitoka na mfuniko wangu, nikakuta hakuna ndege mweusi hata mmoja. Yuko yeye tu, kileleni, ananitazama. Ndege mweusi mmoja akajaribu kusogea kutoka kwenye ua. Jogoo alimshukia na sauti kavu, kama mtu anayesugua sufuria kwa waya, akamfukuza mpaka nyumba ya tatu. Akarudi, akachuma beri moja, akatulia.

Nilifurahi. Niliingia ndani nikamwambia Dod tumepata mlinzi wa bure. Lakini Dod hakucheka. Alinieleza kwamba ndege huyo akishachagua mti ameuchagua wa majira yote ya baridi. Ni ghala lake. Hataki mgeni wala jirani, anafukuza kila chenye mabawa, mpaka masika.

"Hata wao?" nilimuuliza.

"Kila mtu, Senga."

Lo, hapo ndipo vita vilipoanza. Mabawa-nta walikuwa wameshafika Aberdeen, kisha Inverurie, redio ikisema, watu wakipigiana simu, mji mzima ukizungumza. Wanakuja upande wetu, na mlangoni kwangu nimeweka bawabu asiyejua adabu. Nilimtupia kandambili. Nilimmwagia maji kwa mpira. Nilisimama chini ya mti nikamweleza ukoo wake. Anaruka hadi paa la Netta, ananisugulia sufuria yake, nikigeuka karudi. Netta alikuwa anafungua dirisha kunisikiliza, alisema ni burudani kuliko televisheni. Akasema, "Umenunua mti, ukampa polisi." Usiku mmoja nilimuuliza Dod kama nimwombe mpwa wake mwenye bunduki ya upepo. Dod aliniangalia kwa ukingo wa jicho kwa namna ambayo sikuuliza tena.

Krismasi ikapita. Theluji ikashuka, nzito, ikalala. Miti ya kanisani ilikuwa mitupu, nyua za mashamba zimevuliwa beri, mahali pote pamekuwa peupe na peusi. Siku ya mwisho ya mwaka nilisimama jikoni nikikata keki nyeusi ya matunda, nikatazama nje, na kwa mara ya kwanza nikauona mti wetu kama mtu anayepita njia angeuona. Ulikuwa bado mwekundu. Kilele kilikuwa kimeliwa, lakini chini yake vishada vilikuwa vimejaa, vimevaa theluji kichwani. Sikufikiri zaidi ya hapo, nilikuwa na keki.

Sasa mwaka mpya kwetu una masharti yake. Mtu wa kwanza kuvuka kizingiti chako ndiye anayeamua bahati yako ya mwaka mzima. Awe mwanamume, awe na nywele nyeusi, na asije mikono mitupu: alete kipande cha makaa, biskuti, chupa ndogo. Mwanamke mwenye nywele za manjano akitangulia, nuksi. Na Netta ana nywele za manjano kama majani ya ngano, za dukani lakini zinahesabika. Kila mwaka anakaa kwake mpaka kaka yangu Sandy, mwenye kichwa cheusi kama sufuria ya kuni, apite nyumba zote na makaa yake. Mwaka ule theluji ilikuwa imemzuia Sandy.

Kwa hiyo asubuhi ya mwaka mpya tulikuwa wawili tu, Dod kwenye kiti chake, mimi na chai. Jua lilikuwa limechomoza chini chini, mbingu ya buluu, baridi ya kukata masikio. Dod aliinua mkono.

"Sikiliza," alisema.

Sikusikia kitu. Kisha nikasikia. Ilikuwa sauti nyembamba, nyingi, inatetemeka, kama vikengele vidogo vinavyotikiswa mbali. Ikakaribia. Nilitazama juu ya nyumba ya Netta na waya wa simu ulikuwa umejaa ndege, bega kwa bega, kutoka nguzo hadi nguzo, na kila mmoja ana kishungi.

Dod hakuwaona, walikuwa mbali mno. Lakini alijua. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akaniuliza wangapi, nikamwambia hawahesabiki, akaniuliza wanafanya nini, nikamwambia wanatazama. Akaniuliza wanatazama nini. Nikamwambia wanatazama kwetu.

Na walitazama kwetu kwa sababu hapakuwa na nyekundu nyingine Turriff nzima. Walipita juu ya rowani mweupe wa Netta bila hata kuusalimu. Wa kwanza akashuka.

Jogoo wa dhoruba alimwahi. Alitoka kileleni na ile kelele yake, akampiga kikumbo, akamfukuza. Nilimsikia Dod akivuta pumzi. Lakini Jogoo alipokuwa anamfukuza huyo mmoja hadi kwenye ua, nyuma yake walishuka watatu. Akageuka kuwarudia hao watatu, wakashuka kumi. Akaingia katikati yao kama mama anayefukuza kuku kwenye mpunga, huku wanaruka, huku wanatua. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Kisha kundi zima likajiachia kutoka kwenye waya, mara moja, na mti ukajaa.

Wee. Sijaona kitu kama kile, na nimeolewa, nimezaa, nimekwenda hadi Uhispania. Walikuwa kwenye kila tawi, wananing'inia kichwa chini, wanarushiana beri mdomo kwa mdomo, theluji inamwagika, vikengele havinyamazi. Walikuwa karibu na kioo hata niliona nta kwenye bawa. Hawakutuogopa kabisa. Nikamgeukia Dod. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, paji la uso limegusa kioo, pumzi yake inaweka ukungu na yeye anaufuta kwa mkono wa sweta, tena na tena.

"Unawaona?" nilimuuliza, na sauti yangu haikuwa sauti.

"Beri zinapotea," alisema. "Nyekundu inapotea, ninajua hapo kuna mmoja. Natazama pembeni kidogo, namwona. Ana mkia wa manjano. Senga, ana mkia wa manjano."

Nililia, sitaficha. Nililia nimeshika birika.

Mlango ulibishwa. Nilipofungua, Netta alikuwa amesimama kwenye theluji na ndara za ndani, kamera shingoni, na alikuwa amegota pale kizingitini kama ng'ombe kwenye daraja. Aliniuliza Sandy ameshapita. Nikamwambia bado. Akasema basi haingii, hawezi kutuletea nuksi mwaka mzima, atatazamia hapo nje, na huku meno yanagongana na machozi yamemganda mashavuni. Mimi nami nilikaribia kumwacha huko, mila ni mila. Dod ndiye aliyeita kutoka jikoni.

"Mwingize huyo, mguu wa kwanza umeshakanyaga. Umekuja na miguu mia nne."

Netta akaingia. Tulisimama watatu dirishani, Dod katikati, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu Netta hakutoa maoni. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema, na mimi nilimwona mwenyeji wangu akipona mbele ya macho yangu, japo macho yake hayatapona.

Walimaliza mti. Chai ya pili haijapoa, hapakubaki beri. Wakanyanyuka pamoja, wakapinda juu ya paa, vikengele vikaenda nao, na uwanja ukawa kimya, theluji imetapakaa maganda mekundu. Dod aliketi. Alisema sasa watu wakimwambia wako Elgin, waende wao.

Ni Netta aliyemwona kwanza. Jogoo wa dhoruba alikuwa amekaa kwenye tawi la chini la mti mtupu, manyoya yamefura, mdomo wazi, amechoka hoi. Nilianza kusema ndiyo dawa yake, mchoyo yule. Lakini neno liliishia njiani. Nilikumbuka ndege weusi na njiwa pori, na mfuniko wangu wa sufuria usiosaidia kitu. Nilikumbuka miti ya kanisani. Kama si yule ndege niliyemtupia kandambili, mti wetu ungekuwa mtupu tangu mwezi wa kumi na moja, na mabawa-nta wangepita juu yetu kwenda kwa Netta, kwenye beri ambazo Dod hazioni. Alitulindia beri moja moja, kwenye baridi ile, na leo wageni wetu wamemlia akiba yake yote.

"Majira ya baridi yamebaki marefu," Dod alisema. Naye alikuwa anafikiri yale yale. Aliinuka, akapapasa kwenye bakuli, akachukua matufaha niliyokuwa nimeyaweka kwa ajili ya pai. Nikaiaga pai yangu. Alitoka na sweta tu, akapapasa matawi, akachomeka tufaha moja hapa, moja pale, mengine akayapasua akayalaza kwenye theluji. Jogoo alihamia paa la Netta akamsugulia sufuria. Dod alimvulia kofia.

Tangu siku hiyo nanunua matufaha mabovu kwa gunia. Asubuhi iliyofuata nilikuwa naosha vyombo, Dod kwenye kiti chake, nikamwona ndege mweusi anatambaa chini ya ua kuelekea kwenye tufaha la Jogoo. Jogoo alikuwa kileleni, anatazama kwingine. Dod aliniuliza mbona mlango umefunguliwa na baridi yote hii. Nilikuwa nimeshafika nje na kandambili mkononi, namwendea yule mweusi.